Siku Dehai Alipomwaga Chachu

Qu Yafen aliposhuka kwenye treni ya kutoka Dalian, mikono ilikuwa inamwasha kwa hamu ya kazi. Alikuwa ameshinda muda mrefu kwa bintiye aliyejifungua, akipika supu ya kuku na kufua nepi, bila kugusa unga wa mkate hata kidogo. Mji wao wa Harbin ulikuwa umeshaganda kwa baridi. Hakwenda kwake; alikwenda na begi lake moja kwa moja hadi duka la mikate la familia.

Kufika mlangoni tu, pua ikamwambia kuna jambo. Siku zote duka lile lilinuka uchachu, moshi wa kuni na ganda lililoungua kidogo. Sasa lilinuka sukari na maziwa.

Ndani, mdogo wake Dehai alikuwa anapanga mikate nyuma ya kioo. Mikate yenyewe laini, imevimba, inang'aa mafuta.

"Dada! Umerudi! Mtoto mzima? Anafanana na nani?"

"Tanuri liko wapi?"

"Kaa kwanza, unywe chai."

"Dehai, nimekuuliza tanuri."

Tanuri la matofali lilikuwa limebomolewa, na mahali pake pamesimama majiko mawili ya umeme. Lile hori refu la mbao la kukandia lilikuwa limetupwa uani, limejaa theluji. Yafen alifululiza hadi nyuma ya mlango wa stoo, ulipokuwa ukikaa mtungi wa chachu umefunikwa blanketi. Akakuta gunia la sukari.

"Nimeimwaga," Dehai alisema, hamtazami. "Ilikuwa inanuka, dada. Ukitia hamira ya dukani, unga unaumuka hapo hapo. Ile yako tunaibembeleza kama mgonjwa."

Yafen alihisi damu inampanda hadi masikioni. Chachu ile ilikuwa na umri kumshinda yeye. Ilikuwa ya Marfa, jirani yao Mrusi, ambaye wazazi wake walikuja Harbin na wajenzi wa reli. Marfa alipohama na watu wake, alimwachia mama yao nusu ya mtungi, akamfundisha namna ya kuilisha: unga, maji vuguvugu, na maji yaliyochemshiwa maua machungu ya kutengenezea bia. Ikafika miaka ambayo kula mkate wa kigeni kulitosha kumtia mtu matatani kisiasa. Mama akauficha mtungi pamoja na mitungi ya kabichi ya kuchachusha, na aliyeuliza aliambiwa ni kabichi. Yafen alijifunza kwake: kukanda mpaka donge liache kunata mikononi, kuliacha liumuke, kulikanda tena na kuliacha tena, na mkate ukitoka motoni kuugonga kitako kwa vidole na kusikiliza mlio. Dehai wakati huo yuko mtoni, anateleza barafuni. Lakini hati ya duka iliandikwa jina la Dehai, kwa kuwa ndiye mwana wa kiume.

Yafen alichukua mkate mmoja akauminya. Ulinywea kiganjani, ukarudi.

"Huu mkate au mto wa kulalia?"

Mzee Teng, mteja wa miaka mingi aliyekuwa akingoja mkate wake, alicheka. Dehai akawaka.

"Watu wamechoka kuvunjwa meno! Kila mtu analalamika, ila kwako hawasemi, wanakuogopa!"

"Basi ondoa jina la Marfa pale nje!"

Hakungoja jibu. Alitoka na kigoda, akapanda, akakishika kibao cha mbao chenye jina hilo juu ya mlango na kukivuta. Dehai akakimbilia upande wa pili. Wakavutana pale barabarani, watu wazima wenye wajukuu, mpaka kibao kikapasuka katikati na Dehai akaketi kwenye theluji.

"Twende kwa mama," Yafen alisema. "Twende akuambie ulichofanya."

Mama yao aliishi kwa Dehai, juu ya duka. Walimkuta kitandani, miguu imemvimba, anachovya kipande cha mkate laini kwenye maziwa.

"Mama, amemwaga chachu!"

"Najua. Mimi ndiye niliyemwambia amwage."

Yafen akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Maisha yangu yote nimeamka alfajiri kulilisha dude lile," mama alisema. "Sikulipenda hata siku moja, mwanangu. Tulikuwa na njaa, likatulisha. Wewe ukaligeuza mungu wa nyumba."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenisikia?"

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Yafen angeweza kumtukana Dehai, lakini si mama. Alishuka ngazi, na machozi yaliyomtoka yalikuwa ya hasira tupu.

Alichukua hori lake uani, na matofali ya tanuri akayasomba kwa toroli, mzigo kwa mzigo, Dehai akimtazama dirishani. Mzee Teng alimpa banda lake nje kidogo ya mji, akamsaidia kujenga tanuri jipya. Yafen alichemsha maua, akaponda viazi, akachanganya unga ili apate chachu mpya. Mtungi wa kwanza uliota ukungu, akautukana, akaumwaga. Wa pili ukatoa povu. Mkate wake ulitoka mgumu nje, mzito ndani, mchachu, lakini haukuwa ule wa zamani, na yeye alijua hivyo kabla mteja yeyote hajamwambia. Duka la Dehai lilizidi kujaa watu.

Sikukuu ya mwaka mpya mama alimwita. Yafen alikwenda, akakunja maandazi madogo ya kuchemsha yaliyojazwa nyama pamoja na wifi yake, akaketi meza moja na Dehai. Dehai akammiminia pombe.

"Dada, basi tena. Mwaka umekwisha."

Yafen aliinywa yote, akaweka kikombe chini, akageuka kumuuliza mama kama miguu bado inamuuma.