Sisi Hatusomi B

Juzi Jumamosi, maharage yakiwa jikoni na mimi nikimenya vitunguu hapa kwangu Missouri City, Marekani, simu ikaanza kulialia. Lilikuwa kundi letu la WhatsApp la akina mama tunaofundisha watoto nyumbani. Mwenzetu mmoja wa Plano alikuwa ameandika ujumbe mrefu kama barua ya posa. Mwanawe ana miaka kumi, kitabu cha hesabu kinakwenda mbio kuliko mtoto, kila asubuhi ni machozi, na yeye mwenyewe ameanza kujiona mama asiyefaa. Afanyeje? Majibu yakamiminika. Ruka kurasa. Usiruke hata moja. Mrudishe nyuma viwango viwili. Mimi niliandika jibu, nikalifuta, nikaandika tena, nikafuta. Maana ningeanza ningelazimika kusimulia habari za bibi yangu, na bibi yangu haenei kwenye simu. Basi acha nikusimulie wewe, rafiki yangu, maana wewe una nafasi.

Tulikuwa tunakaa Euless, mji mwingine wa huku huku, ghorofa ya pili, mahali ambapo ndege zinazoteremka uwanjani zilipita chini chini mpaka vikombe vikagongana kabatini. Tulizoea kunyamaza katikati ya maneno, ndege ipite, ndipo tuendelee. Baba alipakia mizigo huko huko uwanjani, na mama alikuwa muuguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nilikuwa na miaka tisa siku niliyorudi nyumbani na barua ya mwalimu wa shule: hesabu zimenishinda, ni vema nirudie darasa la nne.

Mama aliisoma amesimama, koti bado liko mwilini. "Arudie? Mjukuu wa mwalimu arudie darasa? Haiwezekani. Namtoa. Mama yangu atakuja, atamfundisha hapa hapa."

Baba hakuwa mtu wa mabishano. Alikamulia ndimu kwenye chai yake polepole kama alivyozoea, akasema, "Sawa. Ila bibi akishaondoka, mtoto ata-take test ya kuingia la tano. Akipita, kapita. Akifeli, anarudi shule na anarudia, na hapo hakuna maneno."

Ndivyo walivyokubaliana, na mzigo wote ukatua kichwani pangu. Kule kanisani tulikosali na Watanzania wenzetu nilijua wazi wangeniita kilaza mpaka siku ya harusi yangu.

Vitabu vilifika kabla ya bibi. Mama aliviagiza mwenyewe kwenye kompyuta, na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mtu yeyote aliyesoma kwetu angelifanya. Kila darasa lilikuwa na vitabu viwili, kimoja kimeandikwa A na kingine B. Sasa wewe unajua shuleni kwetu mambo yalivyokuwa: mkondo wa A ndiko walikokaa wanaoongoza, na mkondo wa B ni wale wengine. Mama alikaa A tangu la kwanza hadi la saba, na hakuwahi kupitisha mwezi bila kutukumbusha. Akaagiza 4A na 5A. "Sisi hatusomi B," akasema, akafunga kompyuta.

Bibi alikuwa mzaa mama, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kutoka Singida, mwembamba, mwenye macho ambayo hayakuwa na haja ya fimbo. Uwanjani walimgongea muhuri wa miezi sita kwenye pasipoti. Kesho yake saa mbili kamili asubuhi shule ikafunguliwa. Aligonga kijiko kwenye mfuniko wa sufuria kuwa ndiyo kengele. Akanikagua kucha. Kisha akafungua daftari, akaita mahudhurio, jina langu peke yake, nami nikajibu "Nipo." Akaweka alama, akasema kwa uzito kabisa, "Wote wamefika." Tukaanza.

Mpaka leo nikisikia harufu ya tangawizi inachemka naona meza ile. Uji wa ulezi wenye tangawizi ulikuja saa nne. Kabla ya somo la mchana nilichambua mchele, ingawa mchele wa dukani Marekani hauna hata chuya moja. Bibi alisema macho yanayochambua ndiyo yanayoona makosa. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, naye alikisoma polepole, akitembeza kidole, kisha akanigeuzia kwa Kiswahili. Mimi nilijibu kwa lugha niliyoizoea.

"Bibi, I'm done."

"Umemaliza nini? Sema vizuri."

"Nimemaliza kugawanya."

"Haya, sasa nakusikia."

Cha 4A tulikimaliza kwa miezi miwili. Mama alibandika kalenda kwenye friji, kurasa nane kwa siku, na kila jioni alikata mistari kwa kalamu nyekundu akiimba. Halafu tukafungua 5A.

Ukurasa wa kwanza tu nilikwama. Walinitaka nijumlishe sehemu zenye asili tofauti, nusu na theluthi, kana kwamba nimezaliwa nazijua. Ukurasa wa pili ulikuwa na desimali, nami desimali nilikuwa sijawahi hata kuiona. Siku ya kwanza nilifuta majibu mpaka karatasi ikatoboka. Siku ya pili nilipindisha penseli mpaka ikakatika. Siku ya tatu nililia, nikamwambia bibi, "I'm stupid. The book says I should already know this."

Bibi alisogeza miwani akautazama ukurasa ule muda mrefu. Ikapita ndege, ikapita nyingine. Akachukua 4A akasoma ukurasa wa mwisho, akarudi 5A akasoma wa kwanza, tena na tena.

"Wewe si mjinga," akasema mwishowe. "Hapa katikati kuna mtu ameondoka na ngazi."

Mama aliporudi kazini hakutaka kusikia. "Mama, kitabu cha A lazima kiwe kigumu. Ndiyo maana kikaitwa A."

"Si ashuke B kidogo?" baba akajaribu.

Mama alimtazama mpaka baba akakumbuka kwamba gari lina vumbi.

Bibi hakubishana na mtu. Alichukua 5A akakiweka juu ya friji, na kwa wiki saba hakukigusa. Badala yake alitumia yale matangazo ya maduka makubwa yanayojaa kwenye sanduku la barua, yenye picha za nyama na matikiti. Aliyakata vipande virefu vilivyolingana, akavipanga kwenye zulia. Kimoja akakikunja nusu. Kimoja theluthi. Kimoja robo. Aliponiwekea nusu na theluthi pamoja na kuniuliza ni kiasi gani, nilihangaika nazo sakafuni karibu asubuhi nzima, na hakunisaidia. Alikaa kwenye kochi akichambua mchele. Nilipogundua mwenyewe kwamba kipande kilichokunjwa sehemu sita kinazipima zote mbili, na kwamba jibu ni tano ya sita, nilipiga kelele mpaka jirani wa chini akagonga dari yake.

Nikuambie kitu ambacho bado kinanishangaza. Bibi aliweza kukunja karatasi sehemu saba sawasawa kwa jicho tu, bila rula, mara ya kwanza. Saba! Jaribu wewe uone. Alishika ncha, akaitazama kama mtu anayekumbuka jina, akakunja, na sehemu saba zikalaliana bila kuzidiana hata unywele. Nilimwuliza anafanyaje. Akasema alifundisha miaka mingi kwenye darasa lisilo na vitabu wala rula, na mkono hujifunza pale ambapo kabati ni tupu. Nilikaa pale kwenye zulia nikimtazama yule mwanamke aliyevaa soksi za baba, nikaona kwamba sijawahi kukutana na mtu mwenye uwezo kama ule.

Desimali alinipa kwa kipande kilichokunjwa sehemu kumi, kisha kumi ndani ya kumi. Mchele nao haukuachwa. Pishi moja ni vibaba vinne, alinifundisha, kwa hiyo kibaba ni robo ya pishi. Nusu ya kibaba je? Nilimjibu thumuni kabla ya kufikiri, mkono ukiwa ndani ya mchele.

Mama alikuwa anaungua. Kalenda ya friji ilisimama, siku zisizokatwa zikimsuta. "Mama, tumebakiza miezi miwili."

"Mwenda pole hajikwai."

"Lakini visa, mama, visa haiendi pole."

Basi siku moja mchana alikuja jirani yetu wa jengo la pili, nesi Mkenya, kurudisha sufuria yetu. Wanawe walikuwa wamesomea nyumbani miaka iliyotangulia. Akavutwa na vile vipande vya karatasi, kisha akaviona vitabu juu ya friji. Akavishusha, akageuza geuza.

"Na B ziko wapi?"

"Sisi hatusomi B," mama akasema, kidevu juu.

Jirani alicheka, kisha akaona kwamba mama hatanii. "Aki wewe! B si ya watoto wajinga. Hiyo ni second half ya mwaka. Unamaliza A, unaingia B, ndio uende class ingine. Kwani mmeruka nusu mwaka?"

Mama aliketi kwenye mkono wa kochi. Nilikuwa sijawahi kumwona mama kidevu kikimshuka, na niliogopa kuliko nilivyoogopa mtihani. Jirani alikuwa mtu mwema; alitoka bila maelezo zaidi, akarudi na 4B ya wanawe, imechakaa pembe.

Bibi alivaa miwani akakifungua. Alilowesha kidole, akafunua ukurasa, akalowesha tena. Mama alisimama nyuma yake. Sehemu zenye asili tofauti: tumefanya. Desimali, kumi na kumi ndani ya kumi: tumefanya. Vipimo: tumefanya, kwa vibaba. Ukurasa baada ya ukurasa, na karibu kwa mpangilio ule ule, kitabu kile ambacho bibi hakuwahi kukiona kilikuwa tayari kimelala kwenye zulia letu kwa picha za nyama na matikiti. Alinipa jaribio la mwisho la kitabu. Nilikosa maswali mawili tu, yote ya ulinganifu wa maumbo.

"Hili sikukufundisha," bibi akasema, akakunja uso kwa hasira ya kujikasirikia mwenyewe.

Mama alipiga magoti pale pale kwenye vipande vya karatasi. "Mama, nisamehe. Nilidhani..."

"Nilijua kuna kitabu kimekosekana," bibi akamkatiza. "Sikujua tu kwamba kimeshaandikwa. Inuka, unakanyaga theluthi zangu."

5A tulikimaliza bila kalenda. Kisha siku ya safari ikafika. Pale uwanjani bibi alinikagua kucha kwa mara ya mwisho, mbele za watu, akaenda bila kugeuka. Wiki iliyofuata nilifanya mtihani, na baada ya siku kumi barua ikaja: niingie darasa la tano. Mama alimpigia bibi akipiga vigelegele. Tulimsikia kwenye spika akiuliza, "Amekuwa wa ngapi?"

"Mama, huku hawatoi nafasi."

"Sasa mnajuaje kama amefaulu?"

Hakurudi tena Marekani. Aliomba visa mara mbili, akanyimwa mara mbili, halafu miguu ikakataa safari. Majengo yale ya Euless yamepakwa rangi nyingine, jirani amehamia kwingine, na siku hizi kitabu cha hesabu huja na ratiba ya kila siku na jaribio la mtandaoni la kumpima mtoto aanzie wapi. Ni mambo mazuri, siyabezi. Ila sijaona ratiba inayoweza kuketi na mtoto anayelia, ikautazama ukurasa uliopo na kuuona ule usiokuwepo. Watu wa namna ile wanazikwa, na ujuzi wao unakwenda nao, mikononi.

Tulimzika bibi Singida mwaka juzi. Jioni ya siku ya pili, watu wakianza kupungua, baba alinivuta pembeni akanipa bahasha iliyozeeka. Alisema bibi alimwachia asubuhi ile ya kuondoka Euless, na maagizo mafupi: akifeli, mpe; akifaulu, kaa nayo. "Hukufeli," baba akasema, kama anayeomba radhi. "Nikakosa siku ya kukupa."

Niliifungua nimesimama uani. Mwandiko wake wa ubaoni, wima, bila kufuta mahali. *Mjukuu wangu, mwanafunzi hafeli peke yake. Tumefeli wawili, wewe na mimi. Usione haya. Nitaomba visa tena nije, na darasa la nne tutalirudia wote.*

Wakati anaandika alikuwa na miaka sabini na mmoja.