Mbao za Mtu Mmoja

Kazi ya kuchonga majeneza ina jambo moja linalowatisha wengi: jeneza huchongwa kabla mwenyewe hajafa. Mfiwa hana subira ya kungoja gundi ikauke. Kwa hiyo kila mwanzo wa mwaka fundi huyu alilazimika kujua watazikwa watu wa urefu gani, naye angali hajui hata jina la mmoja wao.

Aliyemfundisha kukadiria ni mkewe, mwalimu wa hesabu. Alichukua vipimo vya wanaume mia mbili waliokwisha kuchongewa, akapata wastani wa futi tano na nusu na mtawanyiko wa inchi tatu, kisha akachora kwa chaki nyuma ya mlango wa karakana kilima chenye umbo la kengele. Watu wengi wako hapa katikati, akamweleza. Kadiri unavyosogea pembeni ndivyo wanavyopungua. Karakana ilitoa majeneza ya wanaume kama mia saba na hamsini kwa mwaka. Katika hao, mia tano na ushei wangekuwa karibu na wastani, mia moja warefu kidogo, kumi na sita warefu hasa. Wafupi hawakumpa shida, maana hakuna mfupi aliyewahi kulalamika kwamba nafasi imezidi. Halafu kule mwisho wa mkia, juu ya futi sita na inchi tatu, mmoja.

Huyo mmoja alihitaji mbao ndefu zisizopatikana ila kwa kuagiza, na kufika kwake ni wiki mbili. Fundi aliziagiza mapema, akachonga, jeneza likasimama pembeni. Mwaka mwingine hakuja mtu, mwingine walikuja wawili akahangaika, lakini kwa ujumla hesabu haikumwangusha.

Mwaka huu mbao zilifika mdogo wake akiwa ameanza kuugua figo. Mdogo mtu huyo aliitwa Mlingoti tangu utotoni, na hakuna mlango wa nyumba ile ambao hakuuinamia. Fundi alizitazama zile mbao, akashindwa kuzichonga jeneza. Akazitengenezea kitanda, mgonjwa apate kunyoosha miguu. Mkewe aliona pale pembeni pako patupu, akaelewa. Ulikuwa ujinga ule, na ulikuwa upendo, na mimi siwezi kuvitenganisha.

Asubuhi moja wakaja ndugu wawili waliofiwa na baba. Mzee alikuwa na futi sita na inchi nne, wakasema, na mazishi ni kesho. Fundi akawaambia hana, huku akitazama vidole vya miguu yake. Mkubwa wao akamuuliza kwa sauti ya chini kama basi wamkunje baba yao. Fundi aliona aibu ambayo hajapata kuiona katika kazi yake yote.

Chumba cha mgonjwa kilipakana na karakana, na Mlingoti alikuwa amesikia kila kitu. Akatoka akijishika ukutani, shuka mabegani.

"Kaka, vunja kitanda."

Fundi akakataa katakata.

"Hesabu ya shemeji inasema mmoja," akasema Mlingoti. "Haijasema ni mimi. Mpe mzee wa watu mbao zake."

Akakaa kwenye stuli, akashikilia kona moja ya kitanda huku kaka yake aking'oa misumari. Fundi alilia waziwazi, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jioni, wafiwa walipokwisha kuondoka na jeneza lao, fundi alimkuta mkewe akitandika godoro sakafuni.

"Mwalimu," akamwambia, "mmoja wa mwaka huu si ndiye huyo keshaondoka? Basi hayupo mwingine."

Mkewe alijua kwamba hesabu haifungi mlango namna hiyo. Hakuwahi kumpa mwanafunzi jibu la uongo. Akamwangalia Mlingoti aliyekwisha kulala, miguu yake imepita godoro, iko kwenye saruji.

"Agiza mbao nyingine," akasema. "Za kitanda."

Fundi akaenda kuagiza, na swali lile hakulirudia.