Ufito wa Mpimaji

Jina lake sikulijua, wala sikuuliza. Tulimwita mpimaji wa kiwanja cha ndege. Alipita Bakoba na ufito mrefu wenye rangi nyekundu na nyeupe, na nyumba iliyozidi ncha yake ilikatwa kilele. Alibisha hodi hata penye mlango wazi. Kabla ya kupima alipangusa mguu wa ufito kwa pindo la kanzu, na kila nyumba alikubali kahawa ya kutafuna, akiitafuna polepole. "Samahani, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Ndege zinataka njia."

Kwenye msonge wa bibi yangu, ulioezekwa na marehemu babu, aliusimamisha ufito juu ya jiwe la kizingitini. Ncha ikakipita kilele. "Hii imepona," akamwambia Mzungu aliyefuatana naye akiandika vipimo. Mimi, mwalimu mwenye cheti cha majuzi, nikapaza sauti: "Mpimaji, umepandisha ufito kwenye jiwe!" Alinitazama kidogo tu. Akaushusha taratibu, akaupangusa, akausimamisha chini; sasa kilele kikaizidi ncha. "Kweli, mwalimu. Nimekosea." Bibi akaleta kikapu cha kahawa. Akampa mpimaji kwa mikono miwili, akampa na Mzungu, kisha akakifunika kabla sijanyoosha mkono.