Mke Wangu Hakubadili Mawazo

Viatu vilifika siku ya nne baada ya kumzika dada yangu. Vilikuwa ndani ya boksi la kahawia, boksi ndani ya mfuko wa plastiki, na jina lake limebandikwa juu kana kwamba yuko jikoni anakuja kufungua. Shemeji yangu alitia saini, akamshukuru mletaji, akaweka boksi mezani. Tukalitazama mpaka chai ikapoa.

"Aliagiza lini?" nikamuuliza.

"Akiwa kitandani. Alisema uvimbe wa miguu ukipungua atahitaji kitu cha kutokea."

Hakuna aliyelia. Tulikuwa tumekwisha kulia, na kilichobaki kilikuwa kama ganzi ya mguu uliokaliwa muda mrefu.

Mtaani shemeji huitwa Mzee Dole. Miaka thelathini na minane aliuza viatu katika duka moja, na katika miaka hiyo hakuna mtu aliyetoka na jozi kabla Dole hajapiga goti mbele yake, akabonyeza ncha ya kiatu kwa dole gumba ajue kidole kimeishia wapi, kisha akamwambia: "Sasa tembea mpaka mlangoni urudi. Mara tatu." Mara ya kwanza mtu hutembea kwa maringo, alikuwa akisema, mara ya pili kwa aibu, mara ya tatu ndipo hutembea kwa miguu yake. Nimewaona wakubwa wa ofisi wakienda na kurudi bila kunung'unika. Siku hizi kiatu kinapakiwa kwenye pikipiki kabla hakijaujua mguu. Duka lenyewe linauza vifuniko vya simu.

Dada yangu alimpatia humo. Aliingia kununua raba za kazini akazungushwa mlangoni mara saba. "Nikajua huyu hapimi viatu tena," alikuwa akitusimulia, na Dole alikuwa akikana huku anatazama sakafu.

Duka lilikuwa na daftari la marejesho. Mtu akirudisha kiatu, sababu iliandikwa kama alivyoisema kwa kinywa chake. Muuguzi mmoja: "Kinalia nikitembea, wagonjwa wanaamka." Mama mmoja: "Mume wangu anasema nimependeza mno." Dole aliandika yote, hacheki, na kabla ya kukirudisha kwenye rafu alikipiga brashi na rangi, maana kiatu kilichotoka mkononi mwa mtu hakirudi rafuni kikiwa na vumbi. Na kulikuwa na rafu ya juu, ya wanaongojewa. Jozi ya mtu aliyeahidi kurudi iliandikwa jina kwa penseli ubavuni mwa boksi. Haikuuzwa kwa mwingine, hata mwenyewe akikawia mwaka.

"Hivi vinarudi," Dole akasema. "Kiatu kipya hakikai ndani ya nyumba bila mguu. Kikatafute mwenyewe huko."

"Uache tu, shemeji."

"Usiku natembea gizani kwenda msalani, nalikwepa boksi kama kuna mtu amelala pale. Vinarudi."

Karatasi iliyokuwa ndani ilisema mwisho wa kurudisha ni siku saba. Mimi ndiye niliyeisoma, maana maandishi yenyewe yalikuwa ya kusomwa na sisimizi. Shule sikumaliza, nilijifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia bidhaa, na gazeti la kufungia bidhaa linamfundisha mtu kuanza na maneno madogo.

Tukapiga simu ya huduma kwa wateja. Mashine ikatuimbia, ikatuambia tubonyeze moja, kisha nne, kisha ikatuimbia tena. Hatimaye akaja binti mwenye sauti ya asali ya kopo.

"Mpendwa mteja, nikusaidie nini?"

"Nataka kurudisha viatu, mwanangu," Dole akasema.

"Jina lililoagiza ni la mwanamke. Naomba niongee na mteja mwenyewe."

"Mteja amefariki."

Nyuma ya binti zilisikika sauti nyingine nyingi zikisema mpendwa mteja, mpendwa mteja.

"Pole sana, baba. Basi ingia kwenye simu yake, chagua sababu, tutatuma mtu kuchukua. Kuna jambo lingine ninaloweza kukusaidia?"

"La kwanza bado hujanisaidia."

"Asante kwa kutuchagua," akasema, akakata.

Simu ya dada tuliifungua. Sababu zilikuwa tano: kidogo, kikubwa, rangi si yenyewe, kimeharibika, nimebadili mawazo. Dole akazisoma kwa kidole, akashuka, akapanda, akashuka tena.

"Sababu yangu haimo."

"Chagua hiyo ya mwisho, mzee, yaishe."

"Mke wangu hakubadili mawazo."

"Hakuna anayesoma, shemeji. Ni mashine."

"Kwa hiyo mashine ndiyo idanganywe? Daftari ni daftari."

"Kichwa chako kigumu kama soli ya tairi!"

"Ndiyo maana dada yako alidumu na mimi. Soli laini mngeitoboa ninyi mashemeji."

Hilo ndilo lililokuwa karibu na kicheko kwa wiki nzima. Siku mbili alirudi kuitazama ile orodha, kama mtu anayetarajia jina lake litaongezwa kwenye tangazo la ukutani. Siku ya saba tangu viatu vifike, alipoingia jikoni kuchemsha maji, nikachukua simu ya dada yangu nikabonyeza ile ya mwisho. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

"Wamekubali," nikamwambia.

"Sababu wameiona?"

"Wameiona."

Akaketi na brashi yake ya zamani. Akavipiga rangi nyeusi, akavisugua kwa kitambaa mpaka dirisha likaonekana kwenye ncha zake, akajaza magazeti ndani visije vikabonyea njiani. Mikono yake ilijua kazi, uso haukuwepo. Nilimtazama nikaona ni heshima. Ndivyo kiatu kilivyorudishwa katika maisha tuliyoyajua. Mwanamke wa pikipiki, mtu mzima mwenye koti la mvua, akaja akachukua.

Siku ya tisa akavirudisha yeye yuleyule. "Wamevikataa, baba. Karatasi imo."

Dole akavaa miwani. Nikatamani maandishi yawe madogo zaidi. Yalikuwa makubwa. Sababu ya mteja: nimebadili mawazo. Uamuzi: bidhaa imekataliwa, ngozi imepakwa rangi ya viatu, imeshatumika.

"Nani ameandika hili?"

"Mimi."

"Kwa jina lake."

"Kwa simu yake," nikasema, nikajisikia mjinga.

Hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Alikunja karatasi mara mbili, kisha nikaona macho yake yameshuka kwenye miguu ya yule mama. Raba zake zilikuwa zimeliwa kisigino upande mmoja.

"Kaa hapo, mama."

"Baba, nina vifurushi kumi na vitatu hapo nje."

"Dakika moja."

Akakaa. Dole akapiga goti, magoti yakalia, akamvisha viatu vya dada yangu. Akabonyeza ncha kwa dole gumba.

"Tembea mpaka mlangoni urudi. Mara tatu."

Mama akanitazama, nikamwashiria aende. Akaenda, akarudi. Mara ya tatu akawa anakanyaga kwa upande.

"Vinanitosha kabisa," akasema. "Kama vimeshonwa kwa ajili yangu."

"Vinakubana."

"Vitatanuka, baba. Vya bure havibani."

"Usinidanganye. Kidole kimefika mwisho na kimejikunja. Mwezi mmoja utachechemea, utanitukana na mimi simo."

"Mpe, shemeji," nikasema. "Ulitaka vitoke, vinatoka. Nani atajua?"

"Mguu utajua."

Akamvua kimoja, akamvua cha pili, akamfungia raba zake mwenyewe, fundo mara mbili. Mama akasema asante kwa sauti ya chini, akatoka. Tulisikia pikipiki ikiwaka, ikaondoka na vifurushi vyake kumi na vitatu.

Dole akavipangusa viatu alama za vidole, akavilaza ndani ya boksi, kisigino cha kimoja kwenye ncha ya kingine. Akatafuta penseli kwenye droo ya vijiko. Ubavuni mwa boksi akaandika jina la dada yangu, herufi moja moja, kwa mwandiko ule wa dukani, kisha akapanda kiti akaliweka juu ya kabati, ubavu wenye jina ukitazama mlango.

Aliposhuka kwenye kiti aliniuliza kama nitakunywa chai. Nikasema nitakunywa.