Mwenyekiti wa Mtaa, Ujerumani

Niseme la aibu kwanza, nipumue. Barua ya utambulisho kutoka mtaani kwetu Isevya, yenye mhuri wa bluu, nilimkabidhi fundi wa lifti. Kwa mikono miwili, na goti nimekunja kidogo. Ujerumani.

Mke wangu ni nesi. Alitangulia yeye, akafanya kazi miezi minane kwenye nyumba ya wazee, ndipo akatuita mimi na watoto wawili. Mimi ni fundi baiskeli wa Mtendeni. Shule niliishia kidato cha pili, na hicho cha pili nacho nilisoma nusu, nusu nyingine nilikuwa chini ya baiskeli za watu. Mababu zangu wa Kwihara walibeba pembe za ndovu za watu hadi pwani kwa miguu. Mimi nimebeba masanduku ya mke wangu, nikachoka kwenye ngazi za ndege.

Siku ya kuaga, mama yangu hakuuliza baridi wala chakula. Aliuliza, "Huko nani atawajua? Mtu anaumwa, anakufa, majirani wanapita tu mlangoni?"

Nikamjibu, "Mama, nitaripoti kwa mwenyekiti wa mtaa, kama watu wote."

Si ndiyo utaratibu? Ukihama unabeba barua, unaripoti, unajulikana. Mwenyekiti wetu aliniuliza nahamia mtaa gani, nikasema sijui. Basi akaandika juu kabisa: "Kwa Mwenyekiti wa Mtaa, Ujerumani." Akagonga mhuri mara mbili, kwa sababu ni mbali.

Tulipofika, mke wangu akaendelea na zamu zake. Mimi na watoto tukabaki ghorofa ya nne. Siku tatu sikusikia hodi. Kijana wetu mdogo akapata homa, ikapoa yenyewe, lakini ile saa nimemshika, maneno ya mama yalinirudia moja moja. Nikisema nianguke hapa, huyu mtoto nani anamjua?

Siku ya nne nikamwona bwana mmoja pale chini. Ana funguo nyingi kiunoni, ana ubao wa kuandikia, na kila anayepita anamsalimia. Kwetu mtu mwenye funguo nyingi hivyo ni mlinzi au mwenyekiti. Huyu alikuwa na kalamu, kwa hiyo mlinzi siye. Nikampa barua. Akaitazama juu, akaitazama chini, akacheka, akaweka sahihi, akanirudishia. Nikapanda ngazi naimba.

"Mama watoto, tumepokelewa!"

"Na nani?"

"Mwenyekiti. Kasaini hapa."

Akaangalia sahihi. "Alivaaje?"

"Ovaroli. Na funguo."

"Baba watoto, huyo ni fundi. Lifti ilikuwa mbovu tangu Jumatatu."

Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akaanza kuvua viatu vya kazini. Akasema, "Huku hakuna mwenyekiti. Mimi mwenyewe miezi minane sijagonga mlango wa mtu. Naogopa watanionaje."

Mimi kuonwa vibaya nilishamaliza asubuhi ile, mbele ya lifti. Sikuwa na cha kuogopa tena.

Jumamosi nikawachukua watoto, nikaanza na ghorofa yetu. Mlango wa kwanza, kimya. Wa pili ukafunguka upana wa kidole, ukafungwa. Wa tatu akatoka bibi mwenye mkongojo. Nikamwamkia shikamoo, kwa mazoea tu. Akajibu maneno mengi, marahaba haikuwemo. Nikanyoosha barua. Hakuweza kuisoma, ila mhuri aliugusa kwa kidole kama anayepima kitambaa. Kisha akamwelekea binti yangu, wa miaka saba, ambaye alishaanza kuokota lugha yao kwenye katuni.

"Baba, anauliza sisi ni akina nani."

"Mwambie basi!"

Akataja jina lake, akataja la mdogo wake, kisha langu na la mama yake. Bibi akayarudia, akayavunja vipandevipande. Binti akamsahihisha. Akavunja tena. Mara ya nne hivi binti akakubali, kwa shingo upande, kama mwalimu aliyechoka. Bibi akaingia ndani, akarudi na karatasi, akayaandika yote manne, hata la mke wangu aliyekuwa kazini, akaibandika ukutani karibu na simu yake.

Jumanne yake tulikuwa tunavuka uani kwenda dukani. Juu kule balkonini mtu akaita jina la kijana wangu. Limepinda, lakini ni lake. Mtoto akapunga mkono bila hata kushangaa. Mimi nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, na kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

Nikampigia mama kumsimulia, akasema sasa atalala vizuri. Halafu nikampigia rafiki yangu, tuliyekuwa tunatengeneza naye baiskeli kibanda kimoja. Yeye ni Mgogo, mtani wangu, na kwa watani msiba wa mmoja ni kazi ya mwenzie, kuzika na kumtania marehemu. Nikamsimulia yote, hata goti. Akacheka mpaka nikasikia spana inaanguka.

"Wewe Mnyamwezi," akasema alipopata pumzi, "mwambie huyo bibi akujue ukiwa hai tu. Ukifa ni wangu. Nitakuja huko kukucheka mwenyewe."