Mikono ya Mwalimu wa Kompyuta

Mwalimu wetu wa kompyuta hapa kambini Dzaleka huweka mikono nyuma ya mgongo tangu sala ya kufungua darasa hadi sala ya kufunga. Hashiki kipanya cha mtu. Ukikwama husimama kando yako, hukohoa kidogo, kisha husema kwa sauti ya chini, "Kidole iko yako, mama. Bonyeza." Katika somo la kivinjari alitufundisha kufungua ukurasa, kuufunga na kuupata tena, na kila aliyefungua kitu alichokipenda aliambiwa akifunge.

Jumanne nilipata video ya kwaya yetu, na ndani yake kaka yangu Fabien, tuliyemzika mwezi wa tatu, akiimba besi. "Funga," mwalimu akasema. "Mwalimu, huyu nilishamzika mara moja. Sifungi." Nyuma yangu mwanafunzi mwenzangu Antoinette akanong'ona, "Leo njo leo!" Mwalimu hakunigombeza. "Siku ingine umeme itakatika, itajifunga yenyewe, na mi siko hapa. Funga, kisha uingie mu historia, kule kurasa yote ulifungua inaandikwa." Nikaomba kimoyomoyo, Bwana, nishike mkono, nikafunga. Nikaingia kwenye historia. Jina la kwaya lilikuwa juu kabisa. Nikabonyeza, Fabien akaimba. Mwalimu akageukia ubao, na nyuma ya mgongo wake nikaona vidole vikifuata mapigo ya wimbo. Ulipokwisha, niliufunga ukurasa mwenyewe, bila kuambiwa.