Faroma ya Kofia ya Mkwe

Ramadhani ile, katika miaka ya hamsini, nilikuwa nikikata vifuniko vya mapipa kwenye karakana moja ya Malindi, jirani na Darajani. Asubuhi mpaka alasiri, koo kavu, macho yamejaa vumbi la mbao. Msumeno ulikuwa wa umeme. Kando yake tulifunga ubao wenye msumari uliosimama. Kipande cha mbao unakikalisha juu ya msumari, unakizungusha taratibu, na msumeno unakata duara lisilo na kasoro. Wapita njia wakidhani ni mchezo. Mimi nilichoka mpaka kwenye mifupa.

Nyumbani, mke wangu alikuwa akimalizia kofia ya viua, ile ya vitobo vya kudarizi, ya baba yake, aliyekuwa aje kutoka Makunduchi kusali Idi na sisi. Kila kitobo alikizungushia uzi kwa mkono wake, tangu Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi. Akaniomba faroma, kigogo cha mviringo cha kuvalishia kofia iliyofuliwa ili isisinyae. Kipimo cha kichwa cha mzee alinipa kwenye kipande cha uzi chenye mafundo mawili.

Niliikata mwisho wa kazi, siku ya vifuniko vingi. Msumari ulikuwa umelegea kwenye tundu lake, niliuona kabisa ukicheza. Kuukaza ni kufungua ubao wote na kupima upya. Nikasema, aa, potelea mbali. Duara halikurudi pale lilipoanzia. Nikapiga msasa, nikaenda zangu.

Kofia ilikuwa mbichi, ina wanga. Mke wangu akaivalisha kwenye faroma yangu, ikakataa, akaikaza kwa viganja viwili. Viua vikafumuka upande mzima.

"Hebu njoo utazame," akaniita, sauti imekwisha.

Nilijua nikiwa bado mlangoni kuwa ni ile faroma. Nikasema upesi, "Uzi mbovu huo. Nani kakuuzia?"

"Nlinunua Darajani, pale pale siku zote."

"Basi safari hii wamekupunja."

Mzee alisali Idi na kofia yake kuukuu, wala hakuuliza. Ile faroma niliichoma jikoni mwenyewe, nikaona haya hata mbele ya moto. Nyingine niliikata sawasawa. Mke wangu akaanza kushona upya, kitobo cha kwanza.

Mpaka leo, akinunua uzi, hashoni kabla hajaniletea niuvute kuupima nguvu. Nami huuvuta, nikamwambia huu mzuri.